Stendi ya kujitengenezea ya kamera ya kompyuta: kuiweka lenzi usawa wa macho

Ukiiweka kamera chini, wenzako kwenye mkutano wa video wanaona kidevu, matundu ya pua na dari. Ukiipandisha mno, wanaona utosi. Hilo linajulikana, na dawa yake ya haraka, kurundika vitabu, inajulikana pia. Kinachosahaulika ni kwamba kimo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni umbali kati ya lenzi na uso unaoutazama kwenye skrini. Unapozungumza na mtu, macho yako humfuata yeye, hayaifuati lenzi. Kamera inaweza kuwa usawa wa macho yako kabisa, lakini picha ya mwenzako ikiwa mbali nayo, ataona mtu anayeangalia kwingine.

Chukua mtu aliyekaa sm 60 kutoka kwenye skrini. Uso anaoutazama ukiwa sm 5 chini ya lenzi, macho yake yanaonekana kushuka kwa digrii karibu 5, na wengi hawatagundua. Ukiwa sm 10 chini, ni digrii 9 na nusu. Ukiwa sm 20, ni zaidi ya digrii 18, na hapo anaonekana kama anasoma kitu mezani. Macho yaliyoshuka kidogo husameheka kuliko yaliyogeukia upande, kwa hiyo kamera ikae juu ya uso wa mwenzako. Ubavuni mwa skrini ni mahali pabaya kuliko pote.

Ndiyo sababu stendi inayoelezwa hapa haisimami kando ya skrini. Nguzo inakaa nyuma ya monita, mkono unapita juu ya ukingo, na kijiti kinaning'inia mbele ya skrini kikiwa kimebeba kamera. Kweli, inaziba kipande cha skrini chenye upana wa kamera. Baada ya siku mbili tatu utakuwa umezoea kuliweka dirisha la mazungumzo chini yake, na hutakiona tena.

Tahadhari moja kwa wenye kompyuta mpakato. Ikiwa mezani, kamera yake ya ndani huwa sm 20 na kidogo juu ya meza, ilhali macho ya mtu mzima aliyekaa mara nyingi yako kati ya sm 40 na 50. Ukisimamisha kamera ya nje kwenye sm 45 na kuiacha skrini chini, umepata kimo ukapoteza macho, kwa sababu sasa unatazama sm 20 au zaidi chini ya lenzi. Inua kompyuta yenyewe kwanza juu ya kisanduku imara na utumie kibodi ya nje. Mara nyingi ukishafanya hivyo kamera ya ndani inatosha, na huhitaji kukata hata ubao mmoja.

Vipimo kabla ya msumeno

Kaa jinsi unavyokaa baada ya saa nzima ya kazi. Mtu anayejua anapimwa hunyoosha mgongo, halafu stendi yake inakuwa ndefu kuliko yeye. Mwambie mwenzako asimamishe futi kando ya uso wako, kutoka kwenye meza hadi kona ya jicho. Pima mara mbili: ukiwa wima, na ukiwa umelegea. Chukua namba ya katikati. Hiki ndicho kimo cha lenzi.

Kisha andika vipimo vingine vitatu: kutoka meza hadi ukingo wa juu wa monita, kutoka mahali nguzo itakaposimama nyuma hadi uso wa skrini, na kutoka chini ya kamera hadi katikati ya lenzi yake. Hicho cha mwisho husahaulika, na ndicho kinachowafanya watu wakate kijiti kifupi au kirefu kwa sm 3 au 4.

Kabla ya kukata chochote, jaribu kwa siku moja. Rundika maboksi nyuma ya monita, laza rula ndefu juu yake na ufunge kamera kwa utepe wa gundi ikiwa kwenye kimo ulichopima. Fanya mazungumzo ya kweli mawili. Kama kamera inakusumbua ikiwa mbele ya skrini, ni afadhali ulijue hilo sasa.

Vifaa

Fito za mbao laini za sm 2 kwa 2, zilizonyooka: mbili za sm 60 kwa ajili ya nguzo, na moja fupi ya kijiti cha kamera. Angalia unyoofu kwa kuufumba jicho moja na kutazama ufito kwa urefu wake kama mtu anayelenga shabaha.

Ubao wa sm 2 kwa 4, urefu wa sm 30, kwa ajili ya mkono.

Plaiwudi ya mm 18: kipande cha sm 20 kwa 30 kwa kitako, na pembetatu mbili za sm 10 kwa 10 za kuegemeza nguzo.

Plaiwudi ya mm 6: vipande viwili vyenye upana wa sm 2, kimoja cha sm 30 na kimoja cha sm 4. Pamoja navyo, kadibodi ngumu yenye unene wa mm 1.

Plaiwudi ya mm 9: kipande cha sm 5 kwa 6, ambacho kamera itakalia.

Boliti mbili za M6, yaani zenye unene wa mm 6, urefu wa mm 60, zile zenye kichwa cha duara na shingo ya mraba. Nati mbili zenye masikio, zinazokazwa kwa vidole. Washa mbili pana za mm 25 hadi 30. Boliti moja ya robo inchi, meno 20 kwa inchi, urefu wa inchi 5/8, na washa zake mbili. Kijiti cha mviringo cha mm 6, urefu wa sm 3. Skrubu za 4 × 50 mm nne na za 3 × 25 mm chache. Gundi ya mbao, msasa, na kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, ambacho kina kazi zaidi ya moja hapa.

Nguzo isiyohitaji kutobolewa mfereji

Ili kamera ipande na kushuka, nguzo lazima iwe na uwazi mrefu ambamo boliti inateleza. Kuutoboa uwazi huo katika ubao mmoja kwa mkono ni kazi ya kukatisha tamaa: matundu hayakai mstari mmoja, na patasi hupasua ubao. Njia rahisi ni kuujenga uwazi badala ya kuuchimba. Fito mbili zinasimama sambamba, na vipande vya plaiwudi katikati yake vinaacha nafasi.

Gundisha kadibodi kwenye vile vipande viwili vya mm 6 ili vifike mm 7. Usiiruke hatua hii. Uwazi wa mm 6 kamili utaing'ang'ania boliti ya M6, na ukianza kuulazimisha utakwaruza fito kwa ndani. Paka gundi, weka kipande cha sm 30 kati ya fito kwa upande wa chini na kile cha sm 4 juu, hakikisha ncha za fito ziko sawa, kisha bana kwa vibano au funga kwa mpira wa tyubu uliovutwa kwa nguvu. Futa gundi iliyochuruzika ndani ya uwazi ingali mbichi. Ikikauka humo, itabidi uikwangue kwa tupa. Acha vibano kwa saa moja, lakini usiibebeshe nguzo uzito kabla ya saa 24.

Unachopata ni nguzo yenye upana wa sm 4.7 na unene wa sm 2, na uwazi wa sm 26 kwenye sehemu ya juu. Upana ule mkubwa uelekee mbele na nyuma, kwa sababu ndiko mkono utakakoivutia.

Kitako

Nguzo inasimama sm 5 kutoka ukingo wa mbele wa kitako, katikati ya upana. Toboa chini ya kitako matundu mawili ya mm 4.5, moja kwa kila ufito, na uyapanue mdomo ili vichwa vya skrubu vizame visikwaruze meza. Ndani ya fito toboa kwanza kwa biti ya mm 2.5. Ufito wa sm 2 ukiingizwa skrubu ya mm 4 bila tundu la kutangulia hupasuka karibu kila mara.

Skrubu iliyoingia kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi za mbao zinapoishia, haishiki kama iliyoingia ubavuni. Leo itakuwa imara, na baada ya mwezi wa kusogezwa huku na kule itaanza kucheza. Pembetatu za plaiwudi ndizo zinazobeba kazi: moja nyuma ya nguzo, nyingine upande wa kushoto, zikigundishwa na kufungwa kwa skrubu moja moja kutoka chini ya kitako. Kabla gundi haijashika, weka guni (kipimo cha pembe mraba) na uhakikishe nguzo iko wima pande zote mbili.

Je, haitaanguka mbele? Kamera ya gramu 160 iliyo sm 18 mbele ya nguzo iko sm 13 nje ya ukingo wa kitako, na 160 mara 13 ni 2,080. Kitako cha plaiwudi ya mm 18 chenye ukubwa huu kina uzito wa gramu 650 hivi, na kitovu cha uzito wake kiko sm 15 ndani ya ukingo: 650 mara 15 ni 9,750. Hata ukiongeza uzito wa mkono na kijiti, kitako kinashinda kwa mbali. Kama meza imesukumwa ukutani na hakuna sm 30 nyuma ya monita, geuza vipimo, yaani upana uwe sm 30 na kina sm 20. Nguvu ya kushikilia inashuka hadi 6,500, ambayo bado inatosha, ila hapo weka kitu cha kilo moja juu ya sehemu ya nyuma ili mtu akiigonga isiyumbe.

Gundisha vipande vya tyubu kwenye pembe nne za chini. Vinazuia kitako kuteleza, na vinameza sehemu ya mtetemo unaotoka mezani.

Mkono

Mkono unasimama kwa ubavu, ile sm 4 ikielekea juu na chini. Hili lina sababu. Ubao ulioshikwa upande mmoja hupinda kulingana na urefu mara urefu mara urefu: ukiuongeza urefu mara mbili, unashuka mara nane. Unene wa wima unafanya kazi kinyume: ukiuongeza mara mbili, kushuka kunabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo fupisha mkono kadiri nafasi inavyoruhusu na uusimamishe kwa ubavu. Mkono uliolazwa bapa utatikisika kila ukibonyeza kibodi.

Urefu wake ni umbali kutoka nguzo hadi uso wa skrini, ongeza sm 5 mbele ya skrini na sm 5 za kulalia kwenye nguzo.

Kwenye ncha ya nyuma, toboa tundu la mm 6 kwa ajili ya boliti, sm 1 kutoka ukingo wa chini. Juu yake, sm 1 kutoka ukingo wa juu, toboa tundu lingine la mm 6 lenye kina cha mm 12 tu, na gundisha humo kile kijiti cha mviringo kikitokeza mm 18. Boliti inabana, kijiti kinaingia kwenye uwazi na kuuzuia mkono usizunguke. Bila kijiti hiki utaikaza nati hadi vidole viume, na bado kamera itakuwa inainama polepole katikati ya mkutano.

Ingiza boliti kutoka upande wa mkono, gonga kichwa kwa nyundo hadi shingo ya mraba izame kwenye mbao, kisha ng'ambo ya nguzo weka washa pana na nati ya masikio. Washa ya kawaida ya M6 ina upana wa mm 12. Ukiiweka juu ya uwazi wa mm 7, inashika mm 2.5 tu za kila ufito na kuuma mbao laini hadi ishindwe kubana. Ndiyo maana ya ile pana.

Mkono ukiwa upande wa kulia wa nguzo, kijiti cha kamera kifungwe upande wa kushoto wa mkono. Hapo kamera inarudi kwenye mstari wa nguzo, na ukiipanga nguzo katikati ya monita, lenzi nayo iko katikati.

Kijiti na kiti cha kamera

Urefu wa kijiti unatokana na vipimo ulivyoandika. Tuseme macho yako yako sm 46 juu ya meza, monita inaishia sm 49, na lenzi iko sm 4 juu ya tako la kamera. Ukingo wa chini wa mkono uwe sm 51, usiguse monita, kwa hiyo katikati ya mkono ni sm 53. Kiti cha kamera kiwe sm 42, kwa maana 42 na 4 ni 46. Kutoka boliti hadi kiti ni sm 11. Ongeza sm 1.5 za mbao juu ya boliti, ukate sm 12.5.

Kifunge kijiti kwenye ncha ya mbele ya mkono kwa boliti ya pili, na katikati yao weka duara la tyubu lenye tundu. Mpira huo unafanya kijiti kibaki kwenye pembe unayokiweka. Kipande cha mm 9 kinagundishwa na kufungwa kwa skrubu mbili chini ya kijiti, kikitokeza mbele. Hakikisha kati ya kijiti na skrini kuna nafasi ya sm 2 au 3.

Sasa boliti ya kamera, mahali panapoharibika vitu. Tundu la chini ya kamera nyingi ni la robo inchi, meno 20 kwa inchi, sawa na la stendi za kamera za picha. Boliti ya M6 inafanana nayo kwa macho: ya kwanza ina mm 6.35, ya pili mm 6. Lakini meno ya kwanza yanaachana kwa mm 1.27 na ya pili kwa mm 1. M6 itaingia mzunguko mmoja au miwili, itakataa, na ukiilazimisha itakuwa imekwangua meno ya kamera. Kama haizunguki kwa vidole viwili, siyo yenyewe.

Urefu nao una mpaka. Tundu la kamera ni fupi, na boliti inayopita kiasi inasukuma kile kilicho juu yake. Boliti ya inchi 5/8 ni mm 15.9. Toa mm 9 za kiti na mm 3.2 za washa mbili: zinabaki mm 3.7, karibu mizunguko mitatu, ambayo inatosha kamera nyepesi. Ukitumia washa moja zinabaki mm 5.3, na kwenye baadhi ya kamera boliti itagonga mwisho kabla kamera haijabanwa. Izungushe kwa mkono ukihesabu. Bisibisi iguse mwisho tu, robo mzunguko.

Kamera isiyo na tundu inakuja na kibanio cha kung'ang'ania ukingo wa skrini. Kwa hiyo acha kiti, na mahali pake simamisha kipande cha plaiwudi ya mm 12, upana wa sm 8, kilichovishwa tyubu juu. Kibanio kitakidhani ni monita.

Kuilenga

Watu wengi wakifika hapa huiacha kamera ikitazama mbele sawasawa, na picha inatoka na ukuta mwingi juu ya kichwa. Ni lazima iwe hivyo: lenzi iliyo usawa wa macho na isiyoinama huyaweka macho katikati ya picha. Yanapendeza zaidi yakiwa theluthi moja kutoka juu. Kwa lenzi yenye pembe ya digrii 78 ya kona kwa kona, mtu akiwa sm 60 mbele yake, picha inachukua upana wa sm 85 na kimo cha sm 47 hivi. Theluthi ya juu iko sm 8 juu ya katikati, na kuyafikisha macho hapo kunahitaji kuiinamisha kamera digrii 7 au 8. Inaonekana ndogo, na ndiyo inayotakiwa. Legeza nati ya kijiti, sukuma kiti kidogo kuelekea skrini, kaza. Kama kamera ina bawaba yake, tumia hiyo na kijiti kibaki wima.

Lenzi ya digrii 90 inaona upana wa sm 105 kwa umbali huohuo, na wewe unakuwa mdogo kwenye picha. Usijibu kwa kuivuta kamera usoni. Ikiwa karibu kuliko sm 40, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Afadhali ukate picha kwa programu.

Ikikusumbua

Picha ikitikisika unapoandika, fungua kamera, tazama mstari wa wima ulio nyuma yako, kama ukingo wa mlango, na uandike kwa nguvu. Shika nguzo kwa mkono. Mtetemo ukiisha, tatizo ni kitako au pembetatu. Usipoisha, shika mkono wa stendi karibu na kamera: ukiisha hapo, mkono ni mrefu mno au nati haijabana. Kama hakuna kinachosaidia, meza yenyewe ndiyo inayocheza, na kitambaa kinene chini ya kibodi hufanya kazi kubwa kuliko kuongeza mbao.

Kamera ikigeuka yenyewe kulia au kushoto, laumu waya. Waya wa USB ni mgumu na unakumbuka ulivyokunjwa. Acha kitanzi cha sm 8 hadi 10 nyuma ya kamera, kisha ufunge waya kwenye mkono mahali pawili na kwenye nguzo mahali pamoja. Ukihitaji kurefusha, jumla isizidi mita 5 kwa USB 2.0, na waya wa nyongeza usiwe mwembamba. Mwembamba hupoteza umeme njiani na kamera inakatika katikati ya sentensi.

Mbao nyeupe mbele ya skrini inavuta jicho. Paka mkono na kijiti rangi nyeusi isiyong'aa, ukiacha ndani ya uwazi bila rangi, maana rangi hupunguza zile mm 7.

Wakitumia meza watu wawili, kila mmoja akae, apangiwe kimo chake, na mstari wa penseli uchorwe kwenye nguzo pale ukingo wa chini wa mkono ulipo. Kubadilisha kunachukua muda wa kulegeza nati moja.